Mfalme Hakujipulizia Siwa

Hotuba hii niliitoa mbele ya wajumbe wapya wa bunge la wanafunzi wa chuo kimoja, siku walipokabidhiwa siwa yao ya kwanza, ile alama ya mamlaka ibebwayo mbele ya Spika. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi mliosafiri tangu alfajiri, na ninyi wanangu mliochaguliwa: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wakubwa wangu wote shikamooni.

Mmenipa nusu saa kabla hamjakabidhiana kile kilicholazwa pale mezani chini ya kitambaa cha kijani. Fundi aliyekichonga ameketi mstari wa mwisho, karibu na mlango. Naomba asimame. Tumpigie makofi. Ahsante sana, fundi. Miezi miwili umekaa na gogo la mninga, na leo hata jina lako halimo kwenye ratiba. Nitarudi kwako baadaye.

Nilipokuwa naingia, kijana mmoja kati yenu aliniamkia, kisha akaninong'oneza: "Mwalimu, kwani lile si rungu tu?" Nilikuwa nimeandika hotuba nyingine nyumbani. Nimeikunja, iko mfukoni. Leo nitamjibu huyu kijana, maana ameuliza swali ambalo sisi wazee tulipaswa kujiuliza zamani. Je, ni rungu tu?

Tuanze na jina. Bungeni Dodoma kikao kikianza, Mpambe wa Bunge hutangulia amebeba siwa, Spika anamfuata, na ukumbi mzima umesimama. Anayetazama kwenye televisheni anaona rungu, na hajakosea: sura yake ni ya rungu, na utaratibu wake tuliurithi kutoka Bunge la Uingereza. Lakini wazee wa pwani waliposema siwa, hawakumaanisha rungu. Walimaanisha pembe. Baragumu kubwa la kupulizwa, ambalo tundu lake la kupulizia liko ubavuni.

Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Mtu mmoja katika safari ile aliandika aliyoyaona mfalme wa Malindi alipotoka kuwalaki wageni. Aliandika habari za mwavuli wa hariri nyekundu. Aliandika habari za wapiga tarumbeta. Kisha akaandika habari za pembe mbili za ndovu, zimenakshiwa, kila moja kimo cha mtu, zinapulizwa kwa tundu la ubavuni, na sauti yake inakwenda vizuri na tarumbeta zile. Kimo cha mtu, wanangu! Watu wametoka Ureno na mizinga melini, wameizunguka ncha ya kusini ya Afrika, na kilichowafanya washike kalamu ni pembe.

Pembe hizo hazikupotea zote. Ukifika Lamu, ingia jumba la makumbusho pale ufukweni, utakuta siwa mbili: ya Pate, kisiwa jirani, ya pembe ya ndovu, yapata mita mbili; na ya Lamu yenyewe, ya shaba. Unguja nako, siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu, yule mtawala wa Wahadimu, wenyeji wa kisiwa hicho, aliyekuwa na kasri Dunga, ziliishia makumbusho baada ya utawala wake kukoma. Na kule Vumba, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania wa leo, diwani, yaani mtawala wa hapo, hakuhesabiwa diwani kamili mpaka asimikwe kwa sherehe yenye siwa na ngoma kuu.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Nani aliyeipuliza ile siwa? Mfalme wa Malindi? Hapana. Sultani wa Pate? Hapana. Diwani wa Vumba? Hapana. Siwa ilikuwa na mpigaji wake, mtu aliyejifunza kazi hiyo kwa waliomtangulia. Mfalme alivaa kilemba chake, akaketi kwenye kiti chake, akangoja pumzi ya mtu mwingine imtangaze.

Tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ni kweli, lakini mbiu hailii yenyewe. Ina mtu nyuma yake, na mtu huyo ana mapafu yake, na mapafu yake hayakuumbwa na mfalme. Siku mpigaji akifunga mdomo, mfalme anabaki mzee aliyevaa kilemba.

Ndiyo maana nampongeza kwa moyo wote aliyeamua kwamba lile rungu la bungeni kwa Kiswahili liitwe siwa. Lingeweza kuitwa rungu likaishia hapo. Lingeweza kuitwa fimbo. Likapewa jina la kitu kinachopulizwa, kitu kisichokuwa na maana pasipo pumzi za watu. Sijui kama mnaona uzito wa uamuzi huo. Mimi kila nikiufikiri nasisimkwa.

Lakini nisimwonee yule kijana wa mlangoni. Rungu nalo lina historia yake, na historia hiyo ina damu.

Katika jumba la makumbusho la Cairo kuna bamba la jiwe la mfalme Narmer wa Misri, lenye miaka kama 5,000. Mfalme amesimama na taji refu kichwani. Kwa mkono wa kushoto amemkamata adui nywele, na adui amepiga magoti. Mkono wa kulia ameuinua juu, na mkononi ana rungu. Basi. Picha ile haihitaji mkalimani. Hiyo ndiyo mamlaka katika ujana wake: mimi nina rungu, wewe una kichwa.

Songeni mbele karne nyingi, muende Ulaya. Walinzi wa wafalme wanabeba marungu ya chuma, silaha ya kuvunja deraya vitani. Kwenye ncha ya mpini, upande wa mkononi, wameweka nembo ya mfalme. Mlinzi akitumwa kumkamata mtu, anahitaji kuonyesha kwamba ametumwa, kwamba si jambazi. Anafanyaje? Anageuza rungu. Ile nembo iliyokuwa chini inakuwa juu, watu wanaiona, wanatii. Miaka inapita, nembo inazidi kukua, inapambwa, inakuwa taji. Kile kichwa cha kupigia, kisichotumika tena, kinadumaa mpaka kinabaki kifundo kidogo cha chini. Rungu la Baraza la Makabwela la Uingereza, la fedha iliyopakwa dhahabu, la tangu enzi za mfalme Charles wa Pili, ukilitazama vizuri utaona limebebwa kichwa chini, mpini juu.

Ni silaha iliyopinduliwa. Mnanisikia kule nyuma? Silaha iliyopinduliwa! Anayeibeba bungeni anasema mbele ya wote: hapa palikuwa na kitu cha kupigia, nasi tumekigeuza, sasa ni kitu cha kuonyesha nani amemtuma nani.

Hapa naomba niseme jambo langu mwenyewe, ambalo nimelibeba miaka mingi. Nikiwa mwalimu kijana nilifundisha shule moja ya bweni. Siku ya kuwaapisha viranja, kiranja mkuu alikabidhiwa fimbo ya mpingo, nzuri, imetiwa pete za shaba. Tulipiga makofi, nami nikapiga. Wazazi wakapiga picha. Muhula wa pili haujafika katikati, mtoto wa kidato cha kwanza akapelekwa zahanati, mkono umevimba mpaka kiwiko. Nikaambiwa niandike maelezo ya tukio. Nikamwita yule kiranja. Alikuwa mtoto mwenye adabu, anasali, anasaidia wenzake hesabu. Akakaa mbele yangu, akalia, akasema: "Mwalimu, mlinipa fimbo. Mlidhani nitaifanyia nini?"

Sikuwa na jibu. Tulimpa fimbo, hatukumpa maneno. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyemwambia kwamba ile fimbo imepinduliwa. Ndiyo maana mlipoandika barua kuniita, sikuangalia hata kalenda. Nilisema nitakuja.

Twende Pate.

Wasimulizi wa habari za Pate wanatueleza kwamba katika enzi za Bwana Tamu Mkuu palikuwa na bibi wa ukoo wa kifalme, jina lake Mwana Darini. Mumewe aliuawa kwa amri ya sultani. Akabaki mjane, na mtoto wa kiume. Mtoto akafika umri wa kutiwa jandoni, na mama akataka kumfanyia sherehe ya heshima yake, sherehe yenye siwa. Kwa watu wa ukoo ule siwa haikuwa muziki wa kuchangamsha watu. Siwa ilikuwa ndiyo shahada. Ikikulilia, mji mzima umejua wewe ni nani. Isipokulilia, wewe ni mtoto wa fulani aliyeuawa.

Sultani aliposikia, naye akatengeneza sherehe ya mwanawe. Na siwa ilikuwa yake yeye.

Mmeuona mtego? Hakumfunga yule mama. Hakumtukana. Aliishika siwa, basi. Watawala wengi hufanya hivyo mpaka leo, nanyi mtashawishika kufanya hivyo kabla mwaka haujaisha: ufunguo wa ukumbi unao wewe, muhuri unao wewe, kipaza sauti unacho wewe. Huhitaji kumkatalia mtu. Unachelewa tu kumpa.

Mwana Darini angeweza kufanya nini? Angeweza kwenda kuomba. Angeweza kumtahiri mwanawe kimyakimya, mlango umefungwa. Alimwita fundi. Wanasimulia kwamba alikuwa sharifu, hodari wa nakshi, akiitwa Mwenye Bayayi. Akamwuliza: unaweza kunichongea siwa kama ile? Fundi akasema, naweza. Zikatafutwa pembe za ndovu, na kazi ikafanywa kwa siri mpaka ikakamilika.

Jaribuni kuwaza siku zile. Mji wa Pate si mkubwa, vichochoro vyake vyembamba, jirani anasikia jirani akikohoa. Na ndani ya nyumba moja mtu anachonga pembe siku baada ya siku. Wangapi walijua? Wangapi walipita mlangoni wakasikia tupa ikikwaruza, wakaendelea na safari yao, hawakusema neno? Wasimulizi hawawataji hao. Mimi huwa nawafikiria wao kuliko sultani.

Siku ikafika. Siwa mpya ikalia Pate, na watu wakatoka kustaajabu. Mtoto wa mjane ametangazwa, na mji umesikia.

Nilipomsimulia mke wangu kisa hiki, aliacha kuchambua mchele akaniuliza: "Sasa siwa ya kweli ilikuwa ipi?" Nikamjibu haraka kwamba ya kweli ni ile ya zamani, ya utawala. Akatikisa kichwa. Akasema, "Kama ya zamani ndiyo ya kweli, basi watu walitoka nje kuitazama nini?" Nimekaa na swali lake tangu siku hiyo, na leo nawaambia hadharani kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Siwa ya kweli ni ile ambayo ikilia watu wanatoka.

Sasa, kuna watu ambao hawataki kuchonga, wanataka kunyakua. Hao nao wapo katika historia, na sitakaa nao sana.

Tarehe 20 Aprili 1653 Oliver Cromwell aliingia bungeni London na askari wenye bunduki, akawatimua wabunge. Inasimuliwa kwamba alilitazama rungu mezani akaliita kichezeo, akaamuru liondolewe. Likaondolewa. Cromwell akatawala mpaka kufa kwake, kisha ufalme ukarudi na rungu jipya likachongwa. Usiku mmoja wa Mei 1976, katika Bunge hilohilo, serikali ilipata ushindi kwa kura moja tu, wabunge wake wakaanza kuimba. Mbunge wa upinzani, Michael Heseltine, kwa hasira alilinyanyua rungu akawainulia. Spika akaahirisha kikao. Kesho yake Heseltine akasimama akaomba radhi. Na tarehe 18 Aprili 2018, huko Abuja, vijana waliingia Baraza la Seneti la Nigeria kikao kikiendelea, wakalichukua rungu wakakimbia nalo. Maseneta wakaletewa lingine, wakaendelea na kikao chao. Siku ya pili polisi wakaliokota lile lililoibwa, limetupwa chini ya daraja la barabara.

Chini ya daraja! Kitu kilichowafanya watu waingie kwa nguvu ili wakipate, saa ishirini na nne baadaye hakina hata mtu wa kukaa nacho. Kwa nini? Kwa sababu walichukua rungu, hawakuchukua pumzi.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi hautoki London wala Abuja. Unatoka Iringa, na hauna rungu ndani yake.

Tarehe 19 Julai 1898 Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akiwa amezingirwa, alijiua asikamatwe na Wajerumani. Wakamkata kichwa. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Kwa nini uhangaike na fuvu la mtu aliyekwisha kufa? Kwa sababu waliwaza kama Narmer: ukikishika kichwa, umeishika mamlaka. Mwaka 1919, mkataba wa Versailles uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, mkataba wa mipaka ya Ulaya na mabilioni ya fidia, ukawekwa kifungu cha 246, na ndani yake Ujerumani ikatakiwa kulikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Miaka ikapita. Vita vya pili vikaja vikaisha. Tarehe 19 Juni 1954, pale Kalenga, Gavana Edward Twining akalikabidhi fuvu kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi.

Hesabuni wenyewe. Kutoka 1898 mpaka 1954 ni karibu miaka 56. Wahehe hawakuwa na kichwa cha mtwa wao, hawakuwa na kaburi kamili la kulizunguka. Je, walimsahau? Waliozaliwa baada yake walilitaja jina lake. Waliozaliwa baada ya hao wakalitaja. Siwa yao ilikuwa vinywani mwao, na hakuna meli iliyoweza kuipakia.

Na kisa hakikuishia Kalenga. Mwaka 1962 Adam Sapi Mkwawa akawa Spika wa Bunge letu, na katika vipindi viwili aliongoza Bunge miaka mingi, mpaka 1994. Mjukuu wa mtu aliyekatwa kichwa na dola iliyoamini katika rungu, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha nyumba ambamo rungu limepinduliwa na watu wanasema kwa zamu. Nikiwa mwalimu wa historia nilifundisha habari hizi kama mada mbili, moja kidato cha tatu, nyingine katika mambo ya uraia. Nilikosea. Ni habari moja.

Sasa nimsogelee fundi wetu. Nimeisoma kanuni mliyoipitisha wiki iliyopita. Mmeandika kwamba siwa italazwa maktaba, kwenye kabati la kioo, na si ofisini kwa Spika wala kwa rais wa wanafunzi. Mmeandika kwamba mbebaji atabadilika kila muhula, na kwamba atakuwa mwanafunzi asiye na cheo. Mmeandika kwamba isipokuwepo mezani, hakuna kikao. Hongereni. Sijui nani aliyewashauri, lakini alikuwa na busara kutuzidi sisi wa ile shule ya bweni. Ongezeni jambo moja tu, kama ombi langu: jina la fundi lichongwe kwenye kifundo cha chini, kile cha upande wa kichwa kilichodumaa. Mwenye Bayayi tunamjua kwa jina kwa sababu kuna mtu aliona si aibu kumtaja fundi pamoja na masultani.

Nimemaliza maneno, bado tendo. Nimekuja na pembe. Ni ya ng'ombe wa Kigogo, nilipewa na wanafunzi wangu nilipostaafu, na haijawahi kulia mbele ya mtu mwenye cheo. Spika mteule, naona unanyoosha mkono. Hapana, mwanangu, si wewe. Wewe toka nje, simama kizingitini, usubiri.

Yule kijana aliyeniuliza kama lile si rungu tu yuko wapi? Njoo hapa mbele. Usione haya, njoo. Shika. Tundu liko ubavuni, hapo, weka midomo hivyo. Binti mbeba siwa, funua kitambaa, inyanyue, kasimame mbele ya Spika pale mlangoni. Wazazi, walimu, naomba tusimame sote.

Hakuna anayeingia bado. Kijana, vuta pumzi. Ukiwa tayari.